Kikokotoo cha Simu na Mahindi ya Ufipa

Mkulima wa Ufipa anapopeleka mahindi Sumbawanga, hesabu yake yaweza kufanywa kwa kikokotoo kilichomo ndani ya simu. Tuseme ana gunia moja la kilo 100 na madebe 5 ya kilo 18 kila moja. Mwanawe hubonyeza 100 + 18 × 5. Simu moja hutoa 190. Nyingine, ifuatayo mpangilio wa vitufe tu, hutoa 590. Hakuna iliyoharibika: ya kwanza hutanguliza kuzidisha. Kosa la kilo 400 hugunduliwa papo hapo sokoni. La mbolea hujificha hadi mavuno. Kuilaani simu ni kukwepa somo la hisabati. Afadhali mwalimu awazoeze wanafunzi kukadiria jibu kichwani kwanza, ndipo wabonyeze 18 × 5, kisha waongeze 100.