Kengele ya ukame hulia, ila si kwa mfugaji wa Kaaleng

ALASIRI ya Aprili 23, 2023, simu za mamilioni ya watu nchini Uingereza zililia kwa pamoja. Serikali yao ilikuwa ikijaribu mfumo wa kutahadharisha umma kuhusu mafuriko na hatari nyinginezo. Nilipokuwa nikisoma habari hiyo, simu yangu nayo haikutulia: arafa moja ya kunikumbusha mkopo, mbili za kamari. Nikajiuliza, iwapo chombo hiki kinaweza kumfuata mtu hadi kitandani kumdai shilingi mia tano, mbona ukame humfikia mfugaji wa Turkana bila hata mlio mmoja?

Mwepesi wa kujibu atasema hatuna mfumo wa tahadhari. Si kweli. Turkana ndiko mfumo huo ulikoanzia nchini, katika miaka ya 1980, kabla ya kusambazwa katika wilaya nyingine kame. Leo shughuli hiyo i mikononi mwa mamlaka ya ukame, NDMA, iliyoundwa 2011. Kila mwezi hutolewa taarifa kuhusu mvua, malisho kama yanavyoonekana kwa setilaiti, umbali wa kwenda kuteka maji, na bei ya mbuzi ikilinganishwa na ya mahindi. Kisha kaunti huwekwa katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura.

Taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza na kujaa grafu. Mama mwenye mbuzi wake Kaaleng, huko kaskazini mwa Lodwar, yeye na wenzake ndio chimbuko la takwimu za aina hiyo. Ndio wanaoulizwa wametembea umbali gani kutafuta maji. Jibu lao husafiri hadi Nairobi. La kuwarudia ni nadra.

Kimo kipimo kimoja ambacho hunitia simanzi kila nikisomapo. Ni utepe mwembamba wa kuzungushiwa mtoto mkononi, juu ya kiwiko. Kijani ni salama, manjano ni mashaka, nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Hauhitaji betri wala mtandao, na mama asiyejua kusoma huweza kuutumia. Sijui kifaa kilicho bora zaidi kwa bei yake. Lakini utepe ukifika kwenye nyekundu, mbuzi walishakonda zamani, maziwa yakakatika, bei sokoni ikaanguka. Mkono wa mtoto ndio kengele ya mwisho, na aghalabu ndiyo pekee ambayo wakubwa huisikia.

Hapa sisi wanahabari tuna deni. Dalili za ukame wa 2011 zilikuwa zimeonekana tangu Agosti 2010. Rais Mwai Kibaki alitangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Mei 2011. Mashirika ya Oxfam na Save the Children yalikiri katika ripoti ya Januari 2012 kwamba msaada mkubwa ulianza Julai, baada ya vyombo vya habari kulivalia njuga suala hilo. Nami nimewahi kuishusha chini ya ukurasa habari ya malisho kupungua, kwa kuwa haikuwa na picha wala kifo. Mhariri wa rika langu akidai hajafanya hivyo, sitamwamini.

Waturkana wana emuron, mwaguzi anayesoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Sibishanii usahihi wake. Ninachokitambua ni kwamba utabiri wake huja na agizo: fanyeni hili, epukeni kule. Taarifa ya serikali huja na mapendekezo, na pendekezo likipuuzwa hapana wa kulaumiwa.

Tawi moja la mfumo wetu limewahi kukaribia agizo. Chini ya mpango wa HSNP, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ilianza 2015 kwamba setilaiti ikionyesha malisho yameshuka kupita kiwango fulani, familia zilizosajiliwa ambazo kwa kawaida hazilipwi nazo huingiziwa pesa benki. Hapangojwi waziri wala kamera. Pesa ni kidogo, lakini kanuni ni sahihi.

Kwingineko tumekokota miguu. Sheria ya NDMA ya 2016 iliweka hazina ya dharura ya ukame. Kanuni za kuiendesha zilipatikana 2021, mwaka ule ule Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga, Septemba 8. Mvua iliendelea kukosekana, hata misimu mitano ikapita mfululizo.

Hazina hiyo ifunguliwe pindi kaunti inapotoka hali ya tahadhari kuingia ya hatari, si baada ya utepe kuwa mwekundu. Na siku hiyo hiyo redio za Lodwar zitangaze kwa Kiturkana, na arafa itumwe palipo na mtandao: malisho yanaisha, uza mbuzi wawili sasa wakiwa bado na nyama, maji yaliyosalia yako mahali fulani. Kampuni za kamari zimekwisha kutuonyesha kwamba njia ipo.