Msahihishaji Hayupo

Katika makongamano ya Kiswahili na ya teknolojia, hasa inapokaribia tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, imekuwa kawaida kumsikia msemaji akitangaza, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, kwamba uhaba wa maarifa yaliyoandikwa kwa Kiswahili umekwisha. Akili unde, yaani programu zinazotunga maandishi kwa kufuata mifano ya maandishi mengi zilizolishwa, itaandika ensaiklopidia nzima kwa usiku mmoja, na wasemaji wa lugha watabakiwa na kazi ya kusahihisha. Kauli hiyo hupigiwa makofi, nayo ni kauli ya uvivu.

Kusahihisha hakujawahi kuwa kazi nyepesi kuliko kuandika. Mwandishi huandika anachokijua na kukiacha asichokijua, ilhali msahihishaji hulazimika kukijua kila kilichoandikwa mbele yake. Bao la Kiswahili, mchezo wenye mashimo 32 na kete 64, huchezwa kwa awamu mbili: namua, ambapo kete za akiba huingizwa moja moja, na mtaji, ambapo huchezwa zile zilizokwisha kuingia ubaoni. Mashine iliyolishwa maelezo mengi ya Kiingereza kuhusu michezo mingine ya jamii ya bao inaweza kuzichanganya kanuni zake katika sentensi fasaha kabisa, na msomaji aliyeifungua makala ili ajifunze bao hataligundua kosa, kwa kuwa angekuwa anazijua kanuni hizo asingeifungua. Mzee wa Unguja anayecheza kila alasiri barazani angelibaini mara moja, ila mzee huyo hakualikwa kongamanoni, na kama angetafutwa, ingekuwa heri kumwomba aeleze yeye tangu mwanzo.

Anayetaka ushahidi aitazame Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani sana na Kiingereza, ambamo mwaka 2020 ilibainika kwamba kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo alikuwa ameanzisha makala zaidi ya 20,000 kwa kuokota maneno kamusini na kuyapachika katika sentensi za Kiingereza. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.5 nchini Uskoti waliosema wanaizungumza lugha hiyo, wote wakiwa huru kuingia na kurekebisha, na bado kazi ya kijana huyo ilidumu kwa miaka kama saba. Ikiwa mvulana mwenye kamusi aliwashinda wasahihishaji milioni moja na nusu, haieleweki mashine isiyolala itasahihishwa na nani.

Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ilipita makala milioni 6, nyingi mno zikiwa zimezalishwa na programu ya mtu mmoja wa Uswidi, na kwa miaka mingi ikatajwa ya pili kwa ukubwa baada ya ile ya Kiingereza, bila mtu yeyote kudai kwamba Kisebuano ndicho lugha ya pili kwa maarifa duniani. Ile ya Kigreenland, lugha yenye wasemaji wasiofika 60,000, iliamuliwa ifungwe mwaka 2025 kwa ombi la msimamizi wake mwenyewe, ambaye miongoni mwa sababu zake alizitaja makala zilizoandikwa kwa mashine ambazo mwenye lugha asingezitambua kuwa lugha yake.

Watetezi hujibu kwamba mashine haichoki. Kinu cha kusaga nacho hakichoki, lakini kikitiwa mchanga hutoa mchanga laini.

Mahali ambapo wazo hili la kuiachia mashine iandike ensaiklopidia nzima limetekelezwa kikamilifu, hata mlango wa msahihishaji umebanwa. Grokipedia, ensaiklopidia ya Kiingereza iliyozinduliwa na kampuni ya xAI ya Elon Musk tarehe 27 Oktoba 2025 ikiwa na makala zaidi ya 885,000, baadhi yake zikikiri kwamba zimetokana na Wikipedia, haimruhusu msomaji kuibadili makala kwa mkono wake. Msomaji hupeleka pendekezo, na programu ile ile iliyoandika ndiyo inayoamua kama ilikosea. Huku kunaitwa kuchangia, ilhali kwa jina la haki ni kupeleka rufaa kwa mshtakiwa.

Wakati huohuo, tasnifu za uzamili na uzamivu kuhusu tenzi, miti shamba na miji ya mwambao, zilizoandikwa na watu walioketi na wazee na kuwauliza, zimefungiwa makabatini mwa maktaba za vyuo vikuu, nyingine zikisomwa kwa kibali tu. Mashine haiwezi kuyajua yaliyomo makabatini humo, na mkutano wa kuisifu hautayatoa. Vyuo vizifungue tasnifu hizo kwanza, na kila anayehitimu aandike walau makala moja kutokana na utafiti wake. Wikipedia ya Kiswahili imekuwapo tangu mwaka 2003 na haimtozi mwandishi hata senti.