Neno la Mhariri: Jeni Moja Inayoonekana kwa Darubini

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Uvimbe umeondolewa wote, mitoki iliyotolewa pamoja nao imepimwa ikakutwa safi, na kidonda kinapona vizuri. Huyo yuko hatua ya pili. Linabaki swali moja, nalo humsumbua daktari kuliko upasuaji wenyewe: apewe dawa za kemo, au aachwe aende nyumbani?

Utafiti wa QUASAR wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulihusisha wagonjwa 3,239, wengi wao wa hatua hiyo hiyo. Ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wanaopewa dawa, wanaookolewa nazo ni kama 3 au 4. Waliobaki huvumilia vidonda vya mdomo, kuharisha na uchovu bila faida, wengi wao kwa sababu kisu cha daktari kilikwisha kuwaponya. Kwa hiyo haja kubwa ni kumjua mapema yule ambaye ugonjwa wake utarudi.

Hapo ndipo jeni zinapoingia. Karibu seli zote za mwili hubeba jeni zilezile. Seli ya ini hutofautiana na ya utumbo kwa sababu ya jeni zipi zinafanya kazi na kwa kiasi gani. Uvimbe nao una mpangilio wake, na mpangilio huo hudokeza tabia yake. Kipimo cha Marekani kiitwacho Oncotype DX huangalia jeni 12, na ColoPrint cha Uholanzi huangalia 18. Mwaka 2015 kundi la kimataifa la watafiti lilichambua sampuli zaidi ya 4,000 na kuigawa saratani hii katika makundi manne, la nne likiwa ndilo lenye matokeo mabaya zaidi.

Kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, Oncotype DX kilipojaribiwa kwa sampuli za QUASAR kiliweza kutenganisha wagonjwa wenye uwezekano wa asilimia 12 wa ugonjwa kurudi ndani ya miaka 3 na wale wenye asilimia 22, lakini hakikuweza kuonyesha nani atafaidika na dawa kuliko mwenzake. Kumweleza mtu hatari aliyonayo, kisha kushindwa kumwambia kama tiba itamfaa, ni kumwongezea hofu tu.

Orodha ndefu za jeni zina hatari nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, watafiti walitangaza kwamba utendaji wa jeni nyingi kwa pamoja ungeonyesha dawa inayomfaa kila mgonjwa wa saratani, na majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Wanatakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes walipokagua data walikuta, pamoja na makosa mengine, orodha za jeni zilizosogea mstari mmoja, hivyo kila jina likasimama kwenye nafasi isiyo yake. Majaribio yalisitishwa na makala zikaondolewa. Hakuna daktari wa wodini ambaye angeweza kuligundua kosa hilo kwa macho.

CDX2 ni habari tofauti. Ni jeni moja, ile inayoziwezesha seli za utumbo kukomaa na kuwa seli za utumbo kweli. Mwaka 2016 Piero Dalerba na wenzake waliandika katika New England Journal of Medicine kwamba katika hatua ya pili, asilimia 87 ya wagonjwa ambao CDX2 ilikuwa ikifanya kazi kwenye uvimbe wao walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 5. Kwa wale ambao haikufanya kazi ilikuwa asilimia 49. Kipimo chenyewe ni cha kawaida: kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta hukatwa chembamba, hutiwa kingamwili inayoshika protini ya CDX2, kisha rangi. Kiini cha seli yenye protini hiyo hugeuka kahawia. Kisicho nayo hubaki na rangi ya buluu. Maabara nyingi za patholojia tayari hutumia rangi hii kutambua kama uvimbe wa kwenye ini umetokea utumboni.

Watafiti hao walikuta pia kwamba wasio na CDX2 waliopewa kemo waliendelea vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Lakini wagonjwa hao wa hatua ya pili hawakufika 50, na hawakugawanywa kwa kura katika jaribio la tiba. Ushahidi huo haujatosha kuwa mwongozo wa tiba, ila unatosha kuanza kuwahesabu wagonjwa wetu.

Ndiyo maana jarida hili linazitaka hospitali za rufaa za Afrika Mashariki zianze na mambo zinayoyaweza. Utumbo uliotolewa uingie kwenye formalini mapema, usiachwe mezani hadi jioni. Mitoki ihesabiwe; ikiwa chini ya 12, neno "safi" halina uzito, na hakuna kipimo cha jeni kitakachoziba pengo hilo. Fomu ya ripoti iongezwe mstari mmoja wa CDX2 kila maabara inapokuwa na rangi hiyo. Vipande vya nta vitunzwe, na mgonjwa apigiwe simu kila mwaka hadi mwaka wa 5, kwa sababu takwimu zilizotajwa hapa hazikutoka Mwanza wala Eldoret, na bila simu hizo hazitapatikana za kwetu.