Ua wa minyaa using'olewe
Kaya ya Kisukuma ya zamani ilitambulika kwa ua wake wa minyaa, na wakazi wa Nyalikungu, pale Maswa, wana kila sababu ya kuutunza ua huo badala ya kukimbilia waya. Waya hununuliwa, mnyaa huombwa kwa jirani. Kata tawi lenye unene wa kidole gumba, liache kivulini siku kadhaa hadi pale lilipokatwa pakauke, kisha lisimike mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Kosa la wengi ni kulimwagilia kila siku, likaoza kabla ya kutoa mizizi. Mti huu hutunza maji kwenye vijiti vyake vya kijani, na vijiti hivyo huvuta hewa usiku, jua lisipoweza kuvinyang'anya unyevu. Ndiyo maana Agosti, nyasi zimekwisha, wenyewe bado umenawiri. Ng'ombe hawaugusi. Mkemia Melvin Calvin, mshindi wa Nobeli mwaka 1961, aliwahi hata kuutazamia utomvu wake kuwa mafuta ya mitambo. Utomvu huohuo ndio hatari yake, na hapa naomba tusikilizane: ukiingia jichoni huunguza vibaya, na unaweza kupofusha kwa muda. Anayepogoa afunike macho na mikono, watoto wakae mbali. Ukiingia, osha jicho papo hapo kwa maji mengi safi, uwahi kituo cha afya. Mnyaa ulioota karibu na mlango, wanapocheza watoto, huo uhamishieni mpakani.