Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Wanaoichunguza bahari wakiwa Nairobi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Hazina ya Taifa,
Harambee Avenue, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Katiba yetu, katika Kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Nashiriki kwa barua hii. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika chuo kikuu kilichoko upande wa magharibi wa jiji. Chuo chenyewe sitakitaja, maana nitakayoyasema yanavihusu vyuo vingi, na sitaki yageuzwe kesi ya mkuu wa idara mmoja. Nakuandikia kwa ajili ya wenzangu wanaochunguza samaki, matumbawe na mikoko ya Bahari ya Hindi. Wengi wao wanaishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na kazi wanayoifanya haiwezi kukamilika kwa miezi mitatu.

Watu hutuuliza: bahari gani hiyo iliyoko Nairobi? Nami huwaelekeza kwenye mto. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unateremka kupitia vitongoji vya magharibi, unapita kando ya kampasi ya Chiromo, unaingia mjini chini ya Museum Hill, unakatiza Gikomba na Dandora, kisha unajiunga na Athi. Athi huko mbele inaitwa Galana, halafu Sabaki, na Sabaki inamwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Udongo unaochukuliwa na mvua kwenye mashamba ya milimani, pamoja na uchafu wa mitaa yetu, hufuata njia hiyo hiyo. Malindi ndiko kuliko na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika, na matumbawe hayapendi matope: yanahitaji mwanga. Kwa hiyo anayepima maji ya mto pale Chiromo anapima kitu kitakachomfikia mvuvi wa Mambrui, karibu na Malindi.

Tena sheria za bahari hiyo zinaandikwa katika jiji hili. Mkataba unaozifunga nchi kumi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, zilinde fuo na maji yao, ulitiwa saini hapa mwaka 1985 na unaitwa Mkataba wa Nairobi. Novemba 2018 Kenya iliukaribisha ulimwengu KICC katika mkutano mkubwa wa uchumi wa buluu. Viongozi walizungumza vizuri. Hotuba zile zilikuwa na takwimu ndani yake, na nyuma ya kila takwimu ya samaki kuna mtu aliyemshika huyo samaki, akampasua, akaandika.

Naomba nikueleze anavyofanya, maana sidhani kuna aliyewahi kukueleza.

Masanduku ya barafu hutoka Pwani kwa basi la usiku. Alfajiri mmoja wetu huwa River Road kuyapokea kabla barafu haijayeyuka, kisha huingia nayo matatu ya Kangemi. Makanga wengine hukataa kwa sababu ya harufu, wengine hudai nauli ya watu wawili. Nauli hiyo haina risiti, kwa hiyo hairudi. Maabarani tunafungua mfuko mmoja mmoja. Tuseme ni tafi kutoka diko la Gazi au Shimoni. Kila mmoja ana kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, si kalamu, kwa kuwa ethanoli hufuta wino na sampuli isiyo na jina haina thamani yoyote. Dada mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa Kwale, humpima urefu, humpima uzito, humchana tumbo aone kama mayai yameanza kukomaa. Halafu hugeukia kichwa. Hukata fuvu kwa juu, nyuma ya macho, husogeza ubongo kando, na kwa kibano chembamba huinua vijiwe viwili vya masikio. Ni vidogo kuliko punje ya mchele. Akikibana kwa nguvu kidogo tu, kinavunjika. Hukiosha, hukikausha, hukitia ndani ya kichupa chenye namba. Baadaye hugandishwa kwenye kioo na kusuguliwa taratibu mpaka mistari iliyomo ndani ionekane kwa hadubini, na mistari hiyo ndiyo inayosema umri wa samaki.

Umri, urefu na hali ya mayai vikiwekwa pamoja, tunajua tafi huzaa akiwa na ukubwa gani, na katika miezi ipi. Hapo ndipo serikali inaweza kusema tundu la wavu liwe na upana gani, au wavuvi wapumzike lini. Wavu wa juya ulipopigwa marufuku mwaka 2001, wavuvi waliumia, na bado kuna fuo ambako mjadala haujaisha. Ukitaka kumwambia mvuvi aache nyavu alizorithi kwa babake, lazima uwe na ushahidi unaoweza kuuweka mbele yake ufukweni. Nimewaona wazee wa diko wakiisoma karatasi ya vipimo mstari kwa mstari na kuuliza maswali makali kuliko ya watahini wetu. Wana haki. Ni riziki yao.

Kuna jambo lingine ambalo Hazina inapaswa kulijua. Faida ya kazi hii huonekana pale tu inapoendelea bila kukatika. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, kuanzia kwetu hadi Shelisheli. Tulijua ukubwa wa hasara kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiihesabu miamba ile ile tangu miaka ya 1980. Joto liliporudi mwaka 2016, tuliweza kulinganisha. Asiye na hesabu ya jana hawezi kusema leo amepoteza nini. Na hesabu ya miaka 30 haiwezi kufanywa na mtu anayeambiwa kila robo mwaka asubiri kuona kama mkataba wake utaongezwa.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Friza yetu kuu hushuka hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, na ndani yake mlikuwa na tishu zilizokusanywa kwa misimu kadhaa. Jenereta tunayo. Dizeli haikuwemo, kwani fungu lake lilikuwa limekwisha. Msaidizi mmoja wa maabara, kijana ambaye mkataba wake ulikuwa umeisha wiki ile ile, alitoka nyumbani Kangemi bila kuitwa na mtu, akatafuta kituo cha mafuta kilichokuwa wazi, akanunua dizeli kwa pesa yake, akaiwasha jenereta na kukaa nayo mpaka asubuhi. Sampuli zilipona. Kijana hakulipwa, si kwa usiku ule wala kwa dizeli, kwa sababu kwenye vitabu hakuwa mfanyakazi wa mtu. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kuuza vifaa vya simu mjini. Simlaumu hata kidogo, lakini ujuzi aliokuwa nao, wa kujua kila sampuli iko rafu gani na ilitoka mwamba gani, aliondoka nao.

Najua nitajibiwa kwamba kuna wafadhili. Wapo, na nawashukuru kwa dhati. Ubelgiji imefanya utafiti na Wakenya kule Gazi tangu miaka ya 1980, na meli ya utafiti RV Mtafiti, inayotumiwa na taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ilitoka kwao. Utafiti wa mikoko wa Gazi ulizaa Mikoko Pamoja, mradi ulioanza mwaka 2013 ambapo wanakijiji huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko na kutumia mapato kwa maji na shule. Mwaka 2017 mradi ule ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sote tulijivunia. Lakini mfadhili hulipa mradi, na mradi una tarehe ya kufa. Mashine hubaki ikiwa na kibandiko cha bendera ya kigeni, na aliyefundishwa kuiendesha huenda zake. Mshahara wa mtumishi wa umma wa Kenya ni wajibu wa Kenya.

Tena sheria ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kusema upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Haikusema nafasi ikipatikana. Tangu ipitishwe, kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Ofisi za NACOSTI, tume inayotupa vibali vya utafiti chini ya sheria hiyo hiyo, ziko Kabete kando ya Waiyaki Way. Mtafiti akifanya kazi bila kibali anavunja sheria na anaweza kushtakiwa. Sielewi kwa nini kipengele kinachomfunga mtafiti kina nguvu, na kile kinachoifunga serikali hakina.

Sikuombi ulete asilimia 2 kesho. Naujua mzigo wa madeni, na naona foleni za hospitali kama kila Mkenya. Naomba uanze na watu. Vyuo vikuu vya umma vipewe nafasi za kudumu za wataalamu na wasaidizi wa maabara, zenye ngazi ya mshahara na ya kupanda cheo, zisizotegemea mradi wowote. Mfumo wa ufadhili wa vyuo ulioletwa mwaka 2023 unamtazama mwanafunzi na karo yake. Maabara ambayo mwanafunzi huyo atajifunzia haina mtu wa kuisemea. Kando ya mishahara kuwe na fungu dogo la kuendesha maabara, lisilosubiri idhini ya miezi: dizeli, ethanoli, fundi wa friza, nauli ya kubeba sanduku kutoka River Road. Ni fedha ndogo mno kwa Hazina, na kukosekana kwake ndiko kunakoharibu kazi ya miaka.

Naomba pia uchapishe kila mwaka kiasi kilichotengewa Mfuko wa Utafiti na kiasi kilichotolewa kweli, namba mbili zikae kando kwa kando, hata kama zinaaibisha.

Kutoka ofisini kwako hadi maabara yetu kule Westlands si mbali. Ukitaka kuja kujionea, karibu. Wenzangu watakuonyesha kazi bila kuandaa lolote, na dada wa Kwale atakukalisha kwenye hadubini uhesabu mistari mwenyewe. Usipopata nafasi, mtume ofisa anayeandika makadirio ya vyuo vikuu, maana yeye ndiye anayepaswa kujua ethanoli ni ya nini. Na bajeti ya ziada itakapoletwa Bungeni, fungu la wafanyakazi wa maabara liandikwe kwa jina lake, si kufichwa chini ya matumizi mengineyo, ili nasi tuweze kulifuatilia na kuuliza limefika wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtaalamu wa maabara,
Kangemi, Nairobi.