USAWA WA AKINA MAMA HAUPIMWI KWA VITI VYA MKUTANO



Kila mara twasikia ya kwamba shirika fulani limekuja kuwainua akina mama wa pwani yetu. Twashukuru. Lakini kushukuru si kufumba macho. Mgeni akileta mzigo nyumbani, mwenye nyumba ana haki ya kuufungua aone kilichomo.

Hapa Ghuba ya Mnazi, tangu Msimbati hata maingilio ya mto Ruvuma, mipango ya maendeleo haikukosa. Mradi wa RIPS, uliosaidiwa na Finland, ulifanya kazi Mtwara na Lindi tangu 1988 hata 2005. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari, yenye kilomita za mraba 650. Gesi iliyogunduliwa mwaka 1982 sasa yatoka Madimba kwa bomba hata Dar es Salaam, tangu mwaka 2015. Katika makaratasi ya mashirika ya maendeleo neno "jinsia" halikosekani. Sisi twauliza: neno hilo hupimwaje?

Mara nyingi hupimwa kwa kuhesabu vichwa. Wamekuja watu mia, akina mama arobaini, basi usawa umepatikana! Hesabu ya namna hii ni ya kudanganyana. Kila mtu wa pwani ajua ya kuwa bamvua likifika na maji yakakupwa sana, akina mama wako mwambani wakitafuta pweza, au wametanda nguo kwa ajili ya uduvi. Mkutano ukiitwa saa ile, mama ama akose kitoweo ama akose kusema neno lake. Na yule aliyekuja, akaketi nyuma, akatia sahihi, akaenda zake, ameamua nini?

Tutazame hifadhi. Hatusemi bahari isilindwe. Baruti ilikuwa adui wetu sote, na wavuvi wa Mtwara na Lindi wenyewe walisimama kuipinga katika miaka ya 1990. Lakini mwenye mashua akizuiliwa mwamba mmoja aweza kutweka tanga akaenda mwingine. Mama avuaye kwa miguu hana mwamba ila ule ulio mbele ya kijiji chake. Basi amri moja yawaangukia watu wawili kwa uzito mbalimbali. Shirika lisilouliza nani avua wapi, na kwa chombo gani, haliwezi kusema limeleta usawa, hata likigawa vyerehani kila nyumba.

Wako wanaume wasemao mambo haya ni ya Wazungu na yatavunja nyumba zetu. Ndugu hao wamesahau mambo ya kwao. Wamakonde tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Na Bibi Titi Mohamed, alipowaongoza akina mama wa TANU tangu mwaka 1955, hakungoja fedha za mradi wala semina. Uhuru wa 1961 ulipatikana kwa jasho la akina mama pia, wala nyumba hazikuvunjika.

Tena sheria ni zetu wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Sheria ya mwaka 2018 yaagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Nayo makampuni ya gesi hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Maana yake ni kwamba katika gesi ya Mnazi limo fungu la mama wa Mnazi. Hilo si zawadi ya mtu. Ni haki yake.

Kwa hiyo, shirika au ofisi yo yote ikija kutusomea taarifa ya usawa, tuiulize mambo matatu. Kwanza, katika hati za mashamba na daftari za fidia limeandikwa jina la nani? Pili, ni neno gani alilosema mama, mpango ukabadilika kwa ajili yake? Tatu, magari ya mradi yakiisha kuondoka, mama amebaki na nini mkononi?

Makatibu wa matawi, kazi hii haihitaji fedha. Someni orodha ya Baraza la Ardhi kijijini mwenu, muone kama wanawake 3 wamo. Ulizeni halmashauri ni vikundi gani vya akina mama vilivyopata mkopo. Na mkutano wa tawi uitisheni maji yakiwa yamejaa, ili akina mama wawepo, nao wasemapo, katibu aandike.