KOMEO LA KISU LISITOKE RELINI



Kisu cha kukunja kikifika mikononi mwa watu, wote hutazama bapa. Juu ya komeo, kile kipande kinachoshika bapa lisijifunge, hawasemi neno. Mimi nasema komeo ndilo kazi yote. Bapa likiwa butu utalinoa. Komeo likiachia, bapa hurudi juu ya vidole, na mtu wa kazi za mikono hana mali nyingine. Fikirini mtu wa Makueni anayepandikiza miche ya maembe tangu asubuhi, ncha ya kisu ikisukuma gome.

Komeo la kawaida ni ufito wa chuma mgongoni mwa mpini, wenye jino linaloingia katika pengo la bapa. Ufito huo una kazi mbili zisizopatana: upindike na kurudi kama uta, tena jino lake lisilike. Msumari na vyuma vya madirisha ni laini mno. Ufito utapinda usirudi. Shaba ya njano yapendeza ubavuni mwa mpini, lakini jino la shaba hulika upesi. Tupa kuukuu yafaa bapa. Ukiifanya komeo bila kupunguza ugumu wake, itavunjika kama kigae. Ulaya na Marekani wako mafundi watumiao titani, kwa kuwa ni nyepesi na haina kutu. Hata wao huigumisha usoni, maana hulika na kunatana na bapa. Kuikosa titani hapa kwetu sioni hasara.

Chuma chetu ni springi ya lori kuukuu. Kaboni yake ni kama sehemu 6 katika 1,000. Ifuliwe, ipashwe moto mpaka sumaku isiishike, karibu digrii 770, izidishwe kidogo, kisha izimwe katika mafuta. Halafu isuguliwe ing'ae na kupashwe tena polepole hata igeuke buluu, digrii 300 hivi. Bapa liishie rangi ya majani makavu, kama digrii 230, ili liwe gumu kuliko komeo. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii ya pili, na ndio wanaotukata vidole. Tena springi iliyovunjika barabarani yaweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Kata mbali na pale ilipovunjikia.

Sasa nafika penye uchungu. Klipu inayoshika reli juu ya mataruma nayo ni chuma cha springi, kizuri sana. Mhunzi ajua, na mwizi ajua. Reli yapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, na tangu 2017 iko ya pili, ile ya SGR. Klipu zikiondolewa mfululizo, reli hujitanua chini ya gari moshi, na mbele ya gari hilo ameketi dereva, ndugu yetu.

Wako wasemao mhunzi ni maskini, afanyeje? Ni kweli ni maskini, na mwizi humzidishia. Januari 2022 minara ya umeme ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, ikasemwa vyuma vyake viliibwa. Mwezi ule ule Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, marufuku iliyodumu miezi kadhaa. Haikumtenga mwizi na mnunuzi wa haki.

Naona chama kidai karakana ziwauzie wahunzi wa Kitui na Makueni chakavu halali kwa kilo chache na risiti. Malundo ya tani mhunzi atayanunua kwa nini?

Nawe ununuapo kisu, kifungue, uweke vidole mbali na njia ya bapa, ugonge mgongo wake polepole juu ya kipande cha mti. Likishika, muulize fundi chuma cha komeo amekitoa wapi. Akikuonyesha springi ya lori, mlipe bei yake bila kubishana.